Kiti cha pweza mwenye nundu nyekundu anamaliza konokono wangu. Nifanyeje?

Msomaji wa Mombasa ameniandikia hivi kuhusu kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota: "Shikamoo mwalimu. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 300 sebuleni. Miezi mitatu iliyopita mvuvi jirani yetu aliniletea kiti cha pweza wa kijivu mwenye nundu nyekundu, mkubwa kuliko kiganja changu. Tangu aingie, konokono 12 wamebaki 3. Chaza wangu nilimkuta asubuhi amefunguka, ndani hamna kitu. Sponji ya rangi ya chungwa imekwisha, na samaki wawili wadogo wa buluu wamepotea. Je, ni yeye anayefanya haya yote? Rafiki yangu ananishauri nitafute kamba anayekula viti vya pweza. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Kwa konokono, chaza na sponji, ndiyo, karibu nina hakika ni yeye. Kwa samaki nina shaka, na nitakueleza kwa nini, maana usipolijua hilo utapoteza na hao waliobaki. Kuhusu kamba, ushauri wa rafiki yako usiufuate.

Uliyenaye anaitwa kisayansi Protoreaster linckii. Ni wa Bahari ya Hindi, na pwani yetu ni kwao kabisa. Siku za bamvua, maji yakipwa, utamkuta kwenye vidimbwi vya majani ya bahari, kijivu na mistari yake myekundu, na watalii wakishindana kumpiga picha. Anaweza kufika sentimita 30 kutoka ncha ya mkono mmoja hadi ncha ya mkono wa pili. Kwa hiyo huyo wako bado anakua, na njaa yake inakua pamoja naye.

Wauzaji na wavuvi wengi humsifu kuwa ni mpole na kwamba anasafisha tangi. Upole wake ni wa mwendo tu. Kule baharini anatembea juu ya eneo kubwa la mchanga na majani, anaokota mzoga hapa, anakwangua sponji pale, akikutana na chaza au konokono anamla, kisha anaendelea na safari. Hakai mahali pamoja mpaka akamaliza kila kitu. Kwako amewekwa kwenye shamba lenye urefu wa hatua mbili. Amefanya kazi ileile anayoifanya baharini, ila huku hakuna mahali pa kuhamia baada ya kumaliza.

Namna anavyokula inastahili kuelezwa polepole, kwa sababu ukiielewa utajua nani yuko hatarini na nani yuko salama. Mgeuze kwa macho ya akili umwone upande wa chini. Kila mkono una mfereji, na ndani ya mfereji kuna safu za vijiguu laini kama mirija, vyote vikiendeshwa na maji ya bahari yanayozunguka mwilini mwake. Ncha za vijiguu hivyo hutoa gundi, kisha hutoa kitu kingine cha kuachanisha gundi hiyo, na ndivyo anavyopanda kioo bila kuanguka. Hana ubongo. Ana pete ya neva kuzunguka mdomo, ana doa dogo la jicho kwenye ncha ya kila mkono, lakini kinachomwongoza zaidi kwenye chakula ni harufu iliyomo majini.

Mdomo uko katikati, chini. Akimpata konokono, anampandia na kumfunika. Hamtafuni, kwani hana meno. Anachofanya ni kulitoa tumbo lake nje kupitia mdomoni. Utando huo laini unaingia ndani ya gamba la konokono, unamwaga vimeng'enya, na nyama inayeyuka palepale ndani ya nyumba yake. Baada ya saa kadhaa tumbo linarudi mwilini na gamba linabaki safi. Sponji ni rahisi zaidi: haikimbii, haina gamba, anakaa juu yake tu. Ukiona alama ya duara nyeupe au ya rangi iliyofifia pale alipolala usiku, hiyo ni alama ya tumbo lake.

Chaza ndiye anayewashangaza watu. Wanauliza, kiumbe mlegevu hivi atafunguaje chaza ambaye hata kisu kinahangaika naye? Jibu ni kwamba hahitaji kumfungua sana. Kwa viti vya pweza wa bahari za kaskazini, wale wanaoishi kwa kula kome, imeonekana kuwa upenyo wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita unatosha kupenyeza utando wa tumbo. Wanashika pande zote mbili za gamba, wanavuta, na vijiguu vikichoka vingine vinashika zamu, huku msuli wa chaza ukiwa hauna wa kuupokea. Tena yule chaza mkubwa mwenye midomo ya rangi, anayependwa sana na wafugaji, ana tundu chini yake panapotoka nyuzi za kujishikiza kwenye mwamba. Hapo hapana haja hata ya kuvuta. Mshambuliaji huingia kwa chini na wewe mwenyewe unayetazama kwa juu huoni chochote mpaka asubuhi.

Lakini usimhukumu mtu bila ushahidi, na ushahidi wako umelala mchangani. Kusanya magamba yote matupu uyapange juu ya meza. Gamba zima, safi, lisilo na mkwaruzo, ni la aliyeliwa na kiti cha pweza, au la aliyekufa mwenyewe kisha minyoo ikamsafisha. Gamba lililovunjwa ukingoni ni kazi ya kaa, au ya yule kamba wa kupiga ngumi ambaye hujificha ndani ya jiwe na kuingia tangini bila kualikwa. Huyo mara nyingi utamsikia usiku, mlio mkavu kama kucha ikigonga kioo. Gamba lenye tundu dogo la mviringo, kama limetobolewa kwa keekee, limetobolewa na konokono mwingine mla nyama. Na gamba ambalo kaa mdogo amelihamia mara moja linakuambia kwamba huenda mpangaji mpya ndiye aliyemuua mwenye nyumba. Wewe umeniandikia kuwa chaza amefunguka na ndani hamna kitu, na sponji nayo imekwisha. Kaa hawamalizi sponji namna hiyo. Ndiyo maana namnyooshea kidole huyu wako.

Ukitaka uhakika kamili, chukua tochi, ifunge kwa karatasi nyekundu ya plastiki, kaa mbele ya tangi saa mbili baada ya kuzima taa. Mtafute alipo. Akiwa ametuna katikati kama mtu aliyeketi juu ya mto, na mikono imekumbatia kitu, yuko mezani.

Sasa fikiria upande wa wanaoliwa, kwani watu huwasahau. Konokono na chaza si mawe. Baharini wana mbinu. Baadhi ya konokono wa mchangani wakiguswa na kijiguu cha kiti cha pweza hujirusha na kupinduka kwa nguvu ambayo hungeamini wanayo. Kuna jamii ya chaza ambao hupiga magamba yao mawili kama makofi na kuogelea kwenda zao. Wengine hunusa harufu ya adui majini na kuanza kuhama kabla hajafika. Mbinu hizi zote zinategemea kitu kimoja: kuwe na mahali pa kwenda, na harufu iwe na upande inakotoka. Kwenye tangi lako pampu inayazungusha maji yaleyale mchana kutwa, harufu ya adui iko kila pembe, na konokono akikimbia anagonga kioo. Nimewahi kumtazama konokono akipanda mpaka juu ya usawa wa maji na kukaa hapo nje siku mbili, kwenye ukavu, kwa sababu chini alikuwapo mmoja kama huyo wako. Siku hiyo ndiyo niliyoacha kuwachanganya.

Tuje kwa samaki. Huyu wako anaweza kumla samaki mgonjwa aliyelala chini, au aliyekwisha kufa. Samaki mzima mwenye nguvu hampati. Kwa hiyo nina watuhumiwa wengine wawili, na wa kwanza ndiye ninayemwogopa zaidi.

Wa kwanza ni maji yenyewe. Chaza ana nyama nyingi. Akishambuliwa na kuachwa nusu, au konokono watatu wakifa wiki moja nyuma ya mawe, mabaki yanaoza na amonia inapanda. Kwenye tangi la lita 300 chaza mmoja mkubwa aliyeoza anatosha kuwaua samaki wadogo kwa usiku mmoja. Usiku huohuo stima ikipotea na pampu ikasimama, hewa majini nayo inapungua, na asubuhi unahesabu maiti. Ukichelewa kuamka, kiti cha pweza na kaa wameshazila maiti hizo na wewe unaona samaki "wamepotea". Basi leo, kabla ya jambo jingine lolote, pima amonia. Inatakiwa iwe sifuri. Ikionekana hata kidogo, badilisha robo ya maji, toa kila gamba lenye nyama, na urudie kupima kesho.

Mtuhumiwa wa pili ni ndugu yake. Je, mawe yako uliyatoa baharini? Kuna jamaa wa viti vya pweza mwenye mwili mdogo wa duara na mikono mirefu myembamba inayonyumbuka kama nyoka. Wengi wao hawana neno, wanaokota makombo. Ila yupo mmoja wa kijani, mwenye miiba mifupi mikononi, jina lake la kisayansi Ophiarachna incrassata. Huyo ni mwindaji wa samaki hasa. Usiku hujiinua kwa ncha za mikono, mwili juu, akafanya kama kibanda. Samaki mdogo anayetafuta pa kulala anaona pango zuri, anaingia. Yule wa kijani anajishusha ghafla huku akiisokota mikono, na kibanda kinakuwa kizimba. Ukimwona wa rangi hiyo wakati wa zamu yako ya tochi, mtoe bila kujadiliana na mtu.

Kuhusu kamba wa rafiki yako. Ni kweli yupo: kamba mdogo mzuri mno, mweupe mwenye madoa makubwa, kucha zake zimepanuka kama makasia. Jamii yake inaitwa Hymenocera na anapatikana hata bahari yetu. Chakula chake ni viti vya pweza, na tangini ndicho karibu pekee anachokula. Wawili, dume na jike, humgeuza kiti cha pweza chali, hata kama ni mkubwa kuwazidi mara nyingi, kisha huanza kumla kutoka vijiguu na ncha za mikono kuelekea katikati. Anabaki hai kwa siku nyingi akiliwa. Mimi siwezi kukushauri umfanyie hivyo mnyama uliyemtoa mwenyewe baharini kwa ajili ya kumtazama. Pia litazame kwa hesabu tu: akishamaliza huyu mmoja, utamlisha nini? Wanaomfuga inawalazimu kumtafutia viti vya pweza maisha yake yote. Mahali ninapomkubali ni pale tangi linapojaa vile viti vya pweza vidogo vyeupe, vya ukubwa wa ukucha, vinavyojigawa viwili na kuzaana kwenye kioo. Na hata hivyo vingi vinakula utando wa kioo tu na havidhuru, kwa hiyo huwa nawaambia watu wavitoe kwa mkono.

Ninalokushauri ni kumtenganisha. Huyu mnyama anafugika vizuri na anaishi miaka, mradi awe na tangi lake na wewe uwe ndiye unayemlisha. Lita 200 zinaweza kumtosha kwa sasa, akikua atataka zaidi. Weka mchanga, mawe machache, na samaki wenye mwendo kama wawili watatu ukipenda. Usiweke matumbawe, anemoni, chaza, sponji wala konokono unayempenda.

Mlishe mara mbili au tatu kwa wiki. Kipande cha ngisi, kamba au samaki mbichi asiyetiwa chumvi wala limau, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, kinamtosha kwa sasa. Zima pampu kwa robo saa, mshikie kipande kwa kibanio kirefu mpaka kiguse chini ya mkono mmoja, kisha subiri. Utaona vijiguu vinakipokea na kukipitisha kimoja kwa kingine mpaka mdomoni. Kisichoguswa baada ya saa tatu kitoe. Watoto wa nyumbani kwako watapenda kutazama hili kuliko kumwona akiwa amekaa tu, na ni somo zuri kwao.

Maji ndiyo yanayowaua wengi kuliko njaa. Kumbuka nilivyosema kwamba miguu yake inaendeshwa na maji ya bahari yanayozunguka ndani ya mwili. Chumvi ikibadilika ghafla, mwili wake wote unatikisika, ngozi yake haimkingi. Shika gramu 35 za chumvi kwa lita, yaani karibu 1.026 kwenye kipimo chako cha chumvi, na joto kati ya nyuzi 25 na 27. Unapomhamisha, usimtumbukize. Mweke ndani ya ndoo na maji yake, dondosha maji mapya kwa mrija mwembamba kwa saa mbili mpaka tatu, na asitoke nje ya maji: mwongoze aingie bakuli akiwa chini. Kama unachota maji baharini, wakati wa masika usichote Tudor wala karibu na mkono wowote wa bahari unaopokea mto, maana mvua huyapunguzia chumvi na kuyaletea uchafu wa mji. Chota maji yakiwa yamejaa, upande wa bahari kuu. Na dawa ya samaki yenye shaba isiingie tangi hilo hata tone moja, itamuua.

Jifunze kumsoma. Mwenye afya ni mgumu ukimgusa, nundu zake zimesimama, na ukimpindua anajigeuza mwenyewe. Akianza kulegea, ncha za mikono zikijikunja kwenda juu, au ngozi ikitoa madoa meupe yanayomomonyoka, maji yana kasoro na una saa chache za kuyarekebisha. Akifa, mtoe papo hapo, maana anaoza upesi kuliko samaki.

Huenda ukasema, mwalimu, basi nimrudishe baharini yaishe. Swali langu ni hili: ndani ya tangi lako wamo viumbe walionunuliwa dukani, walioletwa kutoka nchi nyingine? Kama wamo hata mmoja, usimrudishe. Anaweza kupeleka ugonjwa au kimelea ambacho bahari yetu haikijui. Kama kila kitu ndani ni cha hapahapa na maji ni ya hapahapa, waone maofisa wa uvuvi wa eneo lako uwaeleze, wakuelekeze. Na kwa siku zijazo mwulize mvuvi wako alimtoa wapi. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, kama ilivyo Watamu, Malindi na Kisite, hairuhusiwi kuokota hata gamba tupu, na anayekusanya viumbe hai vya kuuza anatakiwa awe na leseni hata nje ya hifadhi.

Kwa tangi la konokono na matumbawe, wengi huniuliza waweke kiti cha pweza yupi badala yake. Jibu langu linawaudhi: kwa lita 300, hakuna. Yule wa buluu mzuri hali wenzake, anakula utando wa juu ya mawe, lakini tangini utando haumtoshi na anakufa kwa njaa taratibu, miezi kadhaa, huku mwenyewe akidhani ni mzima. Yule wa kujifukia mchangani anameza viumbe vidogo vyote vya mchanga mpaka mchanga unakuwa mfu, kisha naye anafuata. Na ukikutana na mwenye miiba mirefu na mikono mingi, kumi na kitu hadi ishirini, usimguse kwa mkono: miiba yake ina sumu, na chakula chake ni matumbawe yenyewe.

Wala usimchukie huyo uliyenaye. Mwaka 1963 mwanasayansi wa Marekani, Robert Paine, alianza kuwatoa viti vya pweza wote kwenye kipande cha mwamba cha pwani ya jimbo la Washington. Kome waliokuwa wakiliwa nao wakaenea wakafunika mwamba, wakawasonga wenzao, na aina 15 za viumbe alizokuwa akizihesabu zikabaki 8. Mwamba ule ulimhitaji mlaji wake. Lita zako 300 haziwezi kumbeba, basi.

Kwa hiyo leo pima amonia, usiku washa tochi, kesho tafuta tangi la pili. Mpaka hapo wale konokono watatu wahamishie kwenye ndoo yenye pampu ndogo ya hewa, uibadilishie maji kidogo kila siku. Niandikie ulichokiona usiku, hasa kama kuna mkono wa kijani uliochungulia kutoka kwenye jiwe.